Moto ya michezo: namna pikipiki ndogo ya mbio inatengenezwa ili isimame juu ya gurudumu moja

Mu miji mingi ya Congo, kijana anaona mchezo huu mara ya kwanza siku ya huzuni. Wamotari wanasindikiza maiti ya mwenzao kwenda makaburini, honi zinalia, na mmoja kati yao anainua gurudumu la mbele la moto yake katikati ya barabara. Mara ya pili anauona mu telefone: mtu amesimama wima juu ya kiti cha pikipiki ya mbio, gurudumu la mbele liko hewani, na mashine inazunguka polepole kwenye uwanja mtupu wala haianguki.

Kwa macho, mambo haya mawili yanafanana. Kwa kweli ni mbalimbali kabisa. Ile moto ya video haikutoka hivyo dukani. Imefunguliwa, plastiki zimeondolewa, imefungwa vyuma, meno ya nyuma yamebadilishwa, na zaidi ya yote imewekewa freni nyingine. Moto ya taxi haina hata kimoja kati ya vitu hivyo. Njo maana kijana mwenye anaiga kile alichokiona mara nyingi anaanguka kwa nyuma, mgongo na kichwa vikitangulia chini.

Makala hii inaeleza kipande kwa kipande kile mafundi wa mchezo huu wanabadilisha kwenye pikipiki ndogo ya mbio, na sababu ya kila badiliko.

Mchezo ulitoka wapi

Kuinua gurudumu la mbele ni jambo la zamani karibu sawa na pikipiki yenyewe. Lakini kuna watu waliolifanya kuwa kazi. Mmarekani Doug Domokos alijulikana kama mfalme wa mchezo huo. Mwaka wa 1984, kwenye uwanja wa mbio wa Talladega, mu jimbo la Alabama, aliendesha juu ya gurudumu la nyuma peke yake kwa maili 145, yaani karibu kilometa 233. Mwaka wa 1991, Mjapani Yasuyuki Kudo alimpita: alifika kilometa 331 bila kushusha gurudumu la mbele. Hakutumia mashine kubwa. Aliendesha Honda TLM220R, moto ndogo ya kupanda mawe.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kikundi cha StarBoyz cha Ohio, Marekani, kilisambaza kanda za video za vijana wakicheza na pikipiki za mbio. Kutoka hapo mchezo ulienea Ulaya na Asia. Mjerumani Chris Pfeiffer, aliyefariki mwaka wa 2022, alikuwa bingwa wa dunia mara 4. Rok Bagoroš wa Slovenia alianza na skuta ndogo, kiisha akajulikana duniani juu ya KTM Duke. Mfaransa Sarah Lezito alifika mpaka kwenye sinema: katika filme Avengers: Age of Ultron ya mwaka wa 2015, ni yeye aliyeendesha moto mahali pa mwigizaji Scarlett Johansson.



Kwa nini mashine ndogo

Kwa muda mrefu, mashine iliyopendwa zaidi ilikuwa Kawasaki ZX-6R ya motere ya sentimeta 636, hasa ile ya miaka ya 2003 na 2004, pamoja na Honda CBR600F4i. Ni mashine zenye nguvu, lakini ni nzito, zinakula esanse, na vipande vyake ni vya bei kali. Mwenye anajifunza anaangusha moto mara nyingi kwa siku moja. Kuangusha mashine ya 600 kila siku ni kuangusha mfuko wa pesa.

Njo maana wengi wanaanza na pikipiki ndogo ya mbio. Mfano mzuri ni Kawasaki Ninja 300, iliyotoka mwishoni mwa mwaka wa 2012. Iko na motere ya sentimeta 296, silinda mbili, nguvu za farasi 39 hivi, na uzito wa kilo 172 ikiwa na esanse yake. Kwa mtu mzima mwenye afya, mashine kama hiyo inawezekana kuisimamisha peke yake kila mara inapolala.

Ndogo haimaanishi rahisi. Motere kubwa inainua gurudumu la mbele kwa kutia gazi tu. Motere ya 300 haina nguvu hiyo mu mwendo wa polepole. Mwendeshaji anavuta mkono wa klachi (ambreyaji), anapandisha sauti ya motere, kiisha anaachilia klachi kwa ghafla ili nguvu ifike mara moja kwenye gurudumu la nyuma. Kwa hiyo kamba ya klachi inapaswa kuwa nzima, na sahani za klachi zitaisha upesi kuliko za moto ya safari.

Gazi inainua, freni inashusha

Hapa njo kiini cha jambo lote. Watu wengi wanafikiri kwamba kinachoshikilia moto juu ya gurudumu moja ni gazi. Si kweli.

Gurudumu la mbele likiwa limepanda kidogo, uzito wa mashine unalivuta lirudi chini. Ili libaki juu, mwendeshaji anapaswa kuendelea kuongeza mwendo. Anaongeza, anaongeza, mpaka motere inafika mwisho wa nguvu zake, na gurudumu linaanguka. Hivyo njo kuinua kwa mwanzo, na kunadumu muda mfupi.

Lakini likipanda zaidi, kuna mahali ambapo uzito wote wa mashine na wa mtu unasimama sawasawa juu ya gurudumu la nyuma, sawa vile mwanamke anavyotuliza ndoo ya maji juu ya kichwa. Hapo haihitaji kuongeza mwendo tena. Moto inaweza kwenda polepole kama mtu anayetembea. Njo mahali wachezaji wote wa video wanapocheza.

Mbele kidogo ya mahali hapo kuna hatari. Uzito ukipita nyuma, moto inaanza kumwangukia mwendeshaji. Freni ya mbele haisaidii kitu, sababu gurudumu la mbele liko hewani. Kuvuta klachi kunaongeza ubaya, sababu motere haizuii tena gurudumu. Kufunga gazi kunasaidia kidogo tu. Kitu kimoja tu kinarudisha pua ya mashine chini kwa hakika: freni ya nyuma. Ukizuia gurudumu la nyuma, mwili wote wa moto unavutwa mbele na chini.

Mabadiliko karibu yote yanayofuata yana kazi moja ya kati: kumweka mwendeshaji kwenye hali ambayo freni ya nyuma iko karibu naye kila wakati, na kumpa nafasi ya pili siku atakapochelewa kuishika.

Meno ya nyuma: kupunguza mwendo, kuongeza mvuto

Mnyororo unazunguka juu ya duara mbili za meno, pinyoni ya mbele kwenye motere na ile kubwa kwenye gurudumu la nyuma. Ninja 300 inatoka kiwandani na meno 14 mbele na 42 nyuma. Ukigawanya, pinyoni ya mbele inazunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1.

Fundi anaondoa ile ya nyuma na kuweka kubwa zaidi. Kwa mfano akiweka ya meno 56, hesabu inakuwa mara 4 kwa 1. Nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inapanda kwa theluthi, na mwendo unapungua kwa robo. Mahali moto ilikuwa inakimbia kilometa 40 kwa saa, sasa, kwa mzunguko uleule wa motere na vitesi ileile, inakwenda 30. Gurudumu la mbele linapanda kwa urahisi zaidi, na mchezo unafanyika mu mwendo wa chini ambako kuanguka kunaumiza kidogo.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, mnyororo wa zamani hautatosha: kwa badiliko hilo la 42 mpaka 56 unahitaji karibu viungo 8 zaidi. Ni heri kununua mnyororo mrefu mzima kuliko kuunga vipande viwili, sababu mnyororo ukikatika wakati gurudumu liko juu, mashine inaanguka kwa pua. La pili, mnyororo usigonge kinga yake wala chuma kinachobeba gurudumu la nyuma. La tatu, kama kipimo cha mwendo kinasoma kwenye pinyoni ya mbele, kitadanganya: kitaonyesha mwendo mkubwa kuliko ule wa kweli.

Freni ya mkono

Kwenye moto ya kawaida freni ya nyuma inakanyagwa kwa mguu wa kulia. Lakini mchezaji hakai kama mtu wa safari. Anasimama juu ya kiti, anakalia tanki, anaweka miguu yote upande mmoja. Mguu wake wa kulia hauko tena kwenye pedali. Kwa hiyo anahitaji freni ya nyuma ingine, kwenye mkono.

Mkono huo wa freni unafungwa upande wa kushoto wa gidoni, chini ya mkono wa klachi. Vidole viwili vinavuta klachi, vingine vinavuta freni. Kuna njia mbili za kuuunganisha. Njia ya kwanza ni kuweka kibano cha pili kwenye disiki ya nyuma, chenye pompu yake na bomba lake. Njia ya pili ni kuunganisha pompu ya mkono na ile ya mguu, ili zote mbili zitumie kibano kilekile. Ya pili inagharimu kidogo. Ya kwanza ina faida kubwa: kama mfumo mmoja unavuja, mwingine unabaki.

Kosa linaloonekana mu garaji za haraka ni kile chuma kinachoshika kibano cha pili. Kikiwa chembamba, ao kikichomelewa vibaya, kinapinda siku freni inapovutwa kwa nguvu, na kibano kinaingia kwenye gurudumu. Kinapaswa kukatwa mu chuma kinene na kufungwa na boloti za kweli, wala si waya.

Kosa la pili ni mafuta. Freni za disiki za pikipiki hizi zinatumia mafuta ya freni ya aina iliyoandikwa juu ya kifuniko cha pompu, mara nyingi DOT 4. Mtu akiweka mafuta ya motere, mipira ya ndani inavimba na freni inakwama ao inakufa. Hewa nayo inapaswa kutolewa yote, sababu povu moja mu bomba linafanya mkono kuwa laini kama sifongo.

Kosa la tatu linatokea baada ya kazi, wakati wa mchezo. Disiki ya nyuma ya Ninja 300 iko na milimeta 220 tu. Mchezaji akivuta freni kwa dakika nyingi bila kupumzika, disiki na kibano vinachemka, mafuta ya freni yanatokota, na freni inapotea bila kutoa onyo. Ndiyo sababu wachezaji wanasimama mara kwa mara, wanasubiri ipoe, na wanabadilisha mafuta hayo mara nyingi kuliko mtu wa safari.

Moto za sasa zenye mfumo wa ABS, ule unaozuia gurudumu lisifungwe na freni, zinatolewa mfumo huo kwa ajili ya mchezo, sababu mchezaji anataka freni imutii yeye peke yake. Hapo moto imepoteza kitu ambacho kingemwokoa mtu kwenye lami yenye mvua. Hiyo ni sababu moja kati ya nyingi za kutoirudisha barabarani.

Vyuma vya kukinga

Moto ya mchezo itaanguka. Swali ni itaangukia nini. Plastiki za pembeni zinaondolewa zote, sababu ni ghali na zinavunjika siku ya kwanza. Mahali pake inawekwa kizimba cha chuma kinachozunguka motere upande wa kulia na wa kushoto. Mashine ikilala, inalalia kizimba, si mfuniko wa motere wala mguu wa mtu. Kwenye ncha zake wanafunga vipande vya plastiki ngumu ili iteleze chini badala ya kukwama na kupinduka.

Kizimba kinafungwa kwa boloti mahali motere inaposhikwa na shasi, angalau sehemu mbili kila upande, ili pigo ligawanyike. Hakichomelewi moja kwa moja juu ya shasi. Na bomba la maji halifai. Ni laini, na kama limepakwa zinki, moshi wake wakati wa kuchomelea unamletea fundi homa na kifua kubana. Kazi yoyote ya kuchomelea karibu na moto inaanza kwa kufungua betri na kutoa vifaa vya umeme, la sivyo kompyuta ndogo ya motere inaweza kuungua.

Nyuma kunawekwa chuma kingine, kinachotoka chini ya mkia wa moto. Wachezaji duniani kote wanalinganisha moto iliyosimama wima na mshale wa saa unaoelekea juu kabisa. Kwa Kiswahili hiyo ni saa sita, na chuma hicho njo chuma cha saa sita. Moto ikipita mahali pa usawa, chuma kinagusa chini kabla ya mtu kuanguka, na kinaizuia.

Urefu wake njo kila kitu. Kikiwa kirefu sana, kinagusa mapema na moto haifiki kwenye usawa. Kikiwa kifupi, kinagusa wakati mtu ameshaanguka. Ncha zake zinakuwa za mviringo, bila pembe ya kukwama mu nyufa za simenti. Na hakifungwi kwenye mkia peke yake, sababu mkia wa pikipiki ya mbio ni mwepesi. Kinapewa mikono ya kushikilia mpaka kwenye shasi yenyewe.

Chuma hicho ni nafasi ya pili tu, hakichukui mahali pa freni. Kikigusa chini wakati moto iko na mwendo mkubwa, kinaweza kuirusha.

Gidoni, tanki na kiti

Pikipiki ya mbio inamlaza mtu mbele juu ya tanki. Kwa mchezo hiyo haifai. Gidoni ya chini inaondolewa na kuwekwa bomba moja pana na la juu, ili mtu asimame akiwa ameshika vizuri. Kamba za gazi na za klachi, pamoja na bomba za freni, zinakaguliwa moja moja: gidoni ikikatwa mpaka mwisho kulia na kushoto, hakuna inayovutika. Kamba ya gazi iliyovutika inaongeza gazi yenyewe kila mara gidoni inapopindwa.

Wengine wanabonyeza juu ya tanki kwa makusudi ili kupata mahali pa kukalia. Kazi hiyo inafanyika tanki ikiwa imetolewa, imemwagwa, na imeoshwa kabisa. Tanki tupu yenye mvuke wa esanse ni hatari kuliko tanki iliyojaa. Cheche moja inatosha.

Kiti kinapunguzwa sponji na kupakwa kitu kisichoteleza. Vioo, taa za ishara na mahali pa abiria vinatolewa. Mashine iliyofika hapo haina tena nafasi ya mtu wa pili.

Mafuta ya motere, joto na umeme

Mafuta ya motere yanakaa chini, na pompu inayavuta kutoka hapo. Moto ikisimama wima, mafuta yote yanakimbilia nyuma. Kama mdomo wa pompu unabaki mtupu, sehemu za chuma za ndani zinazunguka bila mafuta, na motere nzuri inaweza kuharibika kwa muda mfupi sana. Wachezaji wengi wanaongeza mafuta kidogo kupita alama ya kawaida. Yakizidi, yanasukumwa kupitia bomba la kupumulia mpaka kwenye kisanduku cha hewa, kwa hiyo bomba hilo linaelekezwa kwenye chupa ndogo. Taa ya mafuta ikiwaka, mtu anashusha pua na kuzima. Hakuna mchezo unaolingana na bei ya motere.

Joto nalo ni adui. Moto ya safari inapozwa na upepo wa mwendo. Moto inayozunguka mahali pamoja haina upepo. Njo maana mafundi wanaweka kitufe cha kuwasha feni kwa mkono, bila kusubiri ijiwashe yenyewe.

Mzunguko wa motere ukiwa haujaguswa gazi unapandishwa juu kidogo ya kawaida, ili motere isizimike ghafla mu mwendo wa polepole. Moto nyingi za sasa zina pia kifaa kinachozima motere mashine ikilala. Wachezaji wengine wanakihamisha ao wanakifungua. Mwenye anafanya hivyo anapaswa kuweka kitu mahali pake: kamba fupi inayofungwa kwenye mkono wa mtu, ambayo ikichomoka inazima motere. Moto iliyolala huku gurudumu linazunguka inaweza kukata vidole.

Mapine

Pine ya nyuma ya Ninja 300 inajazwa upepo wa karibu bar 2,25 kwa safari. Kwa mchezo unapunguzwa mpaka kati ya bar 1 na 1,4. Pine inalala zaidi chini, inashika vizuri, na moto haiyumbi upande kwa upande inapokuwa juu ya gurudumu moja. Lakini pine yenye upepo kidogo namna hiyo ikipelekwa barabarani kwa mwendo wa kawaida inachemka, na kwenye shimo inaweza kuharibu janti ao kutoka.

Kwa nini moto ya taxi haifai

Moto nyingi zinazobeba watu mu miji ya Congo zimetengenezwa kwa kazi ingine: kubeba mizigo, kula esanse kidogo, kupita mu matope. Nyingi zina freni ya ngoma nyuma, na pedali moja tu ya mguu. Freni ya ngoma inachemka upesi na kupungua nguvu. Kiti ni kirefu kwa ajili ya abiria, na nyuma mara nyingi kuna chuma cha mizigo. Chuma hicho kinafanana na chuma cha saa sita, lakini hakikupimwa kwa kazi hiyo. Kinagusa kwa pembe, kinakwama, na kinapindua.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani haraka. Moto ya taxi ni chakula cha nyumba. Mara nyingi si ya yule mwenye anaiendesha. Ni ya mwenye mali anayengojea versement yake kila jioni. Kila mara gurudumu la mbele linapoanguka kwa nguvu, pigo linaingia kwenye fimbo za mbele na kwenye boli za shingo ya gidoni. Kidogo kidogo gidoni inaanza kuchezacheza. Kesho yake mama mwenye mtoto mgongoni anapanda moto ileile, bila kujua ilichofanya jana.

Kwa hiyo mafundi wenye kujua wana sheria moja: moto ya mchezo ni ya mchezo, moto ya kazi ni ya kazi. Ile ya mchezo inafika uwanjani juu ya gari ao ikisukumwa.

Mahali, mavazi na sheria

Uwanja mzuri ni wa simenti ao lami, sawa, bila changarawe, uliofungwa ili watoto wasiingie, na kwa ruhusa ya mwenyewe. Kaski iliyofungwa chini ya kidevu, glavu, viatu vya kupanda juu ya kifundo, kinga za magoti, viwiko na mgongo ni sehemu ya mashine sawa na freni. Mtu hafanyi mazoezi peke yake. Mwenzake anakuwa na telefone yenye unite na anajua hospitali ya karibu iko wapi.

Barabarani jambo liko wazi. Mkataba wa Vienna wa mwaka wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani, ambao Congo iliingia wakati ikiitwa Zaïre, unadai mwenye kuendesha moto ashike gidoni kwa mikono yote miwili, isipokuwa anapotoa ishara. Kwa wale wenye ndugu Ufaransa, sheria ya huko ya tarehe 3 Agosti 2018 inaadhibu michezo ya moto barabarani mpaka mwaka 1 wa gereza na faini ya euro 15 000.

Kazi inaanza wapi

Kijana mwenye anataka kutengeneza mashine yake mara nyingi anaanza na kile kinachoonekana: rangi, gidoni pana, chuma cha nyuma. Mpangilio wa mafundi ni mwingine. Kwanza freni ya nyuma inafunguliwa, inasafishwa, inawekewa vitambaa vipya na mafuta mapya. Kiisha kizimba. Kiisha freni ya mkono na chuma cha saa sita. Meno ya nyuma yanafuata. Rangi ni ya mwisho.

Na mazoezi nayo yanafuata njia hiyohiyo. Somo la kwanza ni kuinua gurudumu la mbele kidogo tu, kiasi cha kiganja, na kulishusha kwa freni ya nyuma, si kwa kufunga gazi. Linarudiwa siku nyingi, mpaka mguu unafanya kazi hiyo bila kungoja kichwa kiuambie. Mwenye hajafika hapo hana haja bado ya kupanda juu zaidi, hata kama moto yake imefungwa vyuma vyote vilivyotajwa hapa.